Barua ya wazi kwa wakuu wa afya wa Ituri kuhusu wagonjwa wa kifua wa Ariwara

Kwa Mkuu wa Divisheni ya Afya ya Jimbo, Bunia. Kwa Mganga Mkuu wa Zoni ya Afya ya Ariwara. Na kwa viongozi wa makanisa wenye hospitali na vituo vya afya katika teritwari ya Aru.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kwa ajili ya watu wazima wa hapa Ariwara wanaokosa pumzi. Sura yao mnaijua: mtu ameketi kando ya kibanda sokoni, ameinama mbele, mikono ameiegemeza kwenye magoti, mabega yanapanda na kushuka kana kwamba ametoka kukimbia, na kumbe ametembea kutoka barabarani tu. Wapitao husema "huyo ana asma" au "ana TB", kisha wanaendelea na safari. Wengi wa watu hao hawana asma wala TB. Wana ule ugonjwa ambao madaktari wetu huuandika BPCO kwenye karatasi: njia za hewa zimechakazwa na moshi kwa miaka mingi, zimekuwa nyembamba, na hazirudi tena zilivyokuwa.

Siwaombi muuponye. Hauponi, na wagonjwa wenyewe wameshajua hivyo. Nawaandikia kuhusu zile siku chache ambazo ugonjwa unachachamaa, kwa sababu siku hizo ndizo zinazoua, na atakayesalimika hutoka na kifua kibovu kuliko alichoingia nacho. Dawa za siku hizo zinajulikana. Ni za bei nafuu. Zinaweza kukaa katika kabati la kituo chochote, hapa mjini, Adi au Laybo. Hazipo, au zipo na hazitolewi inavyopasa.

Shangazi yangu ni mmoja wa wagonjwa hao. Hajavuta sigara maisha yake yote. Alilea watoto kwa lotoko: pipa juu ya mafiga, bomba likipita kwenye maji, na yeye kwenye kigoda pembeni ya moto ndani ya jiko la nyasi lisilo na dirisha, usiku hadi alfajiri, maana anayepika pombe hiyo hathubutu kuuacha moto ulegee. Baada ya hapo ulikuja moto wa chai, wa maharage, wa maji ya kuoga. Akina mama wa namna yake wako kila mtaa. Watoto wao wamesomeshwa na moshi huo, na baadhi yenu, bila shaka, mlisomeshwa nao.

Kwamba ugonjwa huu ni wa wavuta sigara wa Ulaya ni fikra iliyokwisha kupimwa na kukutwa si kweli, tena karibu nasi. Ng'ambo ya Ziwa Albert, katika wilaya ya Masindi ya Uganda, watafiti Frederik van Gemert, Bruce Kirenga wa Makerere na wenzao waliwapima mapafu watu wa vijijini wenye umri wa zaidi ya miaka 30, na matokeo yakatoka mwaka 2015 katika jarida la Lancet Global Health. Katika kila watu 100, 16 walikuwa na BPCO. Wanawake hawakuwa nyuma ya wanaume. Zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa walikuwa na umri wa miaka 30 hadi 39, umri wa mtu mwenye watoto wadogo na shamba la kulima. Zaidi ya watu tisa katika kila kumi waliopimwa waliishi na moshi wa kuni. Sioni sababu ya kuamini kwamba moshi wa Aru ni mpole kuliko wa Masindi. Sisi tunaongeza na vyetu: vumbi la mawe kwa waliosaga dhahabu Mongbwalu, tumbaku inayolimwa na kuvutwa pande zote mbili za mpaka wetu na West Nile ya Uganda, na TB yenyewe, ambayo hata ikipona kwa vidonge vya miezi sita huweza kuacha makovu yanayobana hewa.

Sasa tazameni jinsi kifua kinavyochachamaa. Msimu wa mvua jiko huhamia ndani na kuni zimelowa. Mjukuu analeta mafua kutoka shuleni. Mtoto anapona kwa siku mbili, na bibi yake ndiye anayeanguka: kikohozi kinazidi, makohozi yanakuwa mengi na mazito, halafu pumzi. Siku ya kwanza anapumzika katikati ya kufagia. Siku ya tatu hamalizi sentensi bila kuvuta hewa mara mbili. Usiku halali, anakaa kitandani ameegemea ukuta, midomo imebadilika rangi. Kiangazi kina njia yake pia, vumbi la barabara na moto wa nyika, na matokeo ni yale yale. Madaktari wanasema hali ikizidi kuwa mbaya namna hiyo ndani ya siku 14, huo ni mchachamao wa BPCO, na ni dharura.

Hivi ndivyo dharura hiyo ilivyopokewa shangazi alipozidiwa. Tulimpakia kwenye pikipiki, mimi nyuma nikimshikilia, hadi kituo cha afya ambacho sitakitaja. Alichomwa kidole kwa ajili ya malaria. Alitolewa damu kwa ajili ya tifoidi. Hakuwa na homa, lakini aliandikiwa vyote viwili, maana kwetu hapa mtu hutoka kituoni na malaria na tifoidi kama anavyotoka sokoni na chumvi na sabuni. Akatundikiwa maji. Akachomwa sindano ya antibiotiki asubuhi na jioni, na sindano ya aminofilini "ya kufungua kifua", iliyomfanya atapike na moyo wake udunde hadi tukauona kwenye shingo. Hakuna aliyeuliza makohozi yake yana rangi gani. Hakuna aliyemwuliza anapikia wapi. Deni tulilipa kwa shilingi za Uganda, na alirudi nyumbani akiwa vile vile. Aliyemwokoa ni daktari mmoja wa Arua, ng'ambo ya mpaka, na alichompa kingeweza kuingia katika mfuko wa shati.

Naomba tukae hapo kwenye mfuko wa shati.

Dawa ya kwanza ni salbutamoli ya kuvuta, pampu ndogo ya buluu mnayoifahamu wote. Moja ina mivuto 200. Hapa kwetu inapopatikana hutolewa bila maelezo, mgonjwa anaibonyeza mdomoni kama anayejipulizia manukato, na dawa karibu yote inaishia kwenye ulimi na koo. Mtu anayehema haraka hawezi kuoanisha kidole na pumzi. Anahitaji chombo cha katikati cha kuihifadhi dawa kwanza, na chombo hicho kikinunuliwa dukani ni ghali. Lakini mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha katika jarida la Lancet majaribio waliyofanya kwa watoto wenye asma: chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa vizuri na kuzibwa, ilifanya kazi sawa na kile cha dukani. Chupa ya nusu lita! Ariwara tunazikanyaga.

Inatengenezwa hivi. Chupa inaoshwa. Kwenye kitako kinatobolewa kitundu chenye umbo la mdomo wa pampu, na njia nzuri ni kukunja waya kwa kipimo cha mdomo huo, kuupasha moto na kuuchomeka. Pampu inaingizwa ikabane, na pembeni inazibwa kwa gundi, maana katika majaribio yale chupa isiyozibwa haikufikia ile iliyozibwa. Mgonjwa anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa. Pampu inatikiswa, inabonyezwa mara moja tu, naye anavuta na kutoa pumzi taratibu mara kadhaa akiwa bado ndani ya chupa. Ndipo mbonyezo wa pili. Chupa huoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe bila kufutwa, kwa sababu plastiki iliyofutwa huinasa dawa kwenye kuta zake. Shangazi anayo moja. Mwanafunzi wa darasa la sita ndiye aliyeitengeneza.

Dawa ya pili ni prednisoloni ya vidonge. Watu wanaijua vibaya, wengine wanaimeza kwa miezi ili wanenepe, na ndiyo maana wauguzi wengi wanaiogopa au wanaitoa ovyo. Katika mchachamao wa BPCO kazi yake ni fupi. Mwaka 2013 Waswisi walilinganisha siku 5 na siku 14 za miligramu 40 kwa siku, na waliomeza siku 5 hawakupatwa na mchachamao mpya mara nyingi zaidi kuliko waliomeza 14. Kwa vidonge vya miligramu 5 hiyo ni vidonge vinane kila asubuhi, jumla 40, basi. Havihitaji sindano wala kitanda.

Antibiotiki ndiyo tunayoitupa zaidi. Tangu mwaka 1987, Nicholas Anthonisen na wenzake wa Winnipeg, Kanada, walionyesha kwamba inamsaidia hasa mgonjwa mwenye mambo matatu kwa pamoja: pumzi imepungua, makohozi yameongezeka, na makohozi yamegeuka usaha. Kwa hiyo mwuguzi anayemwambia mgonjwa ateme kwenye kikopo cheupe na kutazama rangi amefanya kipimo muhimu bila kutumia franka moja. Makohozi yakiwa ya kijani au ya njano nzito, amoksisilini au doksisiklini ya kumeza kwa siku tano hivi inatosha kwa wengi. Yakiwa meupe, mara nyingi haina kazi. Sindano za asubuhi na jioni kwa kila mtu anayekohoa zinamaliza pesa ya familia leo na kuzifundisha bakteria ukaidi wa kesho.

Kuhusu aminofilini nitasema neno moja. Miongozo ya kimataifa ya BPCO, inayotolewa na jopo liitwalo GOLD, imeikataa kwa mchachamao kwa sababu madhara yake ni makubwa kuliko faida. Bado inaitwa kwetu "sindano ya kifua". Iondoeni.

Inabaki oksijeni, na hapa naomba wakuu wa hospitali wasome polepole, kwa sababu jambo hili linakwenda kinyume cha huruma. Mgonjwa wa BPCO aliyezidiwa akifunguliwa oksijeni nyingi kupita kiasi anaweza kurundika hewa chafu mwilini, akasinzia, familia ikashukuru kwamba hatimaye amepata usingizi, na kumbe anakufa. Huko Tasmania, Australia, Michael Austin na wenzake waliwagawa wagonjwa waliochukuliwa na ambulansi: wengine walipewa oksijeni nyingi kama ilivyokuwa desturi, wengine walipimiwa ili kiwango kwenye damu kibaki kati ya asilimia 88 na 92. Matokeo yalitoka mwaka 2010 katika jarida la BMJ. Kwa waliothibitika kuwa na BPCO, vifo vilishuka kutoka asilimia 9 hadi 2. Tofauti hiyo haikuletwa na dawa mpya bali na mkono ulioigeuza koki kidogo, na kile kidude cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni. Kidude hicho kinapaswa kuwa katika kila kituo, na namba 88 hadi 92 ziandikwe kwa rangi nyekundu juu ya kila mashine ya oksijeni ya zoni.

Najua mtakayojibu, maana tumeshayasikia katika mikutano. Kwamba Ituri ina kipindupindu, surua, wakimbizi. Kwamba kutoka Bunia hadi kwetu ni zaidi ya kilomita 300 na lazima kupita Djugu yenye vita, ambako lori la dawa halijui kama litafika. Yote ni kweli. Lakini mwishoni mwa Juni 2019 mgonjwa mmoja wa Ebola aliyetoka pande za Beni alithibitishwa hapa Ariwara. Mmoja. Barabara ilikuwa ile ile na vita vilikuwa vile vile. Timu zilifika, waliokutana naye walitafutwa mmoja mmoja, chanjo ilikuja na barafu yake. Sisemi mlikosea, tuliwashukuru na tunawashukuru hadi leo. Nasema tu kwamba nia ikiwepo, njia ya Ariwara hupatikana. Mlipuko ule wa mashariki uliua watu 2,287 hadi ulipotangazwa kwisha Juni 2020, na dunia nzima ililijua jina la Ituri. BPCO iliua watu milioni 3.5 duniani mwaka 2021, ikawa ya nne katika magonjwa yanayoua zaidi, na kati ya wanaokufa kabla ya kufikia miaka 70, karibu tisa katika kila kumi ni wa nchi kama yetu. Kwetu wanazikwa kwa jina la "uzee" au "kurogwa".

Tafadhali pia msitujibu kwa semina ya majiko bora. Ni vizuri kupikia nje, na sisi wenyewe tunawahimiza akina mama wapanue madirisha na wakaushe kuni kabla ya mvua. Lakini Malawi walijaribu majiko ya kuni yenye moshi kidogo kwa kaya nyingi sana, na matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha hayakupunguza nimonia ya watoto. Moshi ni jambo kubwa, litachukua kizazi. Mtu anayehangaika na pumzi usiku wa leo hawezi kungoja kizazi.

Tunachokiomba ni hiki. Divisheni ya Bunia itoe karatasi moja, ya Kifaransa upande mmoja na Kiswahili au Bangala upande wa pili, inayoeleza mchachamao wa BPCO unatambuliwaje na unatibiwaje, ibandikwe ukutani palipobandikwa ile ya malaria. Karatasi hiyo iseme wazi nani asitibiwe kituoni bali apelekwe hospitali mara moja: aliyebadilika rangi ya midomo, anayesinzia au kuchanganyikiwa, asiyeweza kusema maneno matatu kwa mfululizo, ambaye kidude cha kidoleni kinasoma chini ya 88, na yule ambaye dawa ya kuvuta haimpi nafuu. Iseme pia kwamba kila kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kipimwe TB kwanza, na kwamba miguu iliyovimba au homa kali yenye maumivu ya ubavu inaweza kuwa moyo au nimonia. CADIMEBU, ghala la dawa la jimbo, iwe na salbutamoli ya kuvuta na prednisoloni muda wote, si kwa bahati. Zote ziko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na oksijeni imo humo kwa ajili ya wanaokosa pumzi tangu 2017. Zoni ya Ariwara iwaite wauguzi wakuu wa vituo kwa siku moja tu, waje na chupa tupu na waya, warudi wanajua kuitoboa.

Makanisa nayo, Wakatoliki wa jimbo la Mahagi-Nioka, CECA 20, Waanglikana wa Aru, yana vituo ambavyo watu huvikimbilia kabla ya vile vya serikali. Yasingoje Bunia. Yana wamama wa jumuiya wanaomtembelea kila mgonjwa, na mgonjwa wa BPCO anahitaji kutazamwa ndani ya wiki chache baada ya kutoka kitandani, kwa sababu huo ndio wakati wa kuanguka tena. Anahitaji pia kutembezwa. Kampala walijaribu kuwafanyisha mazoezi mepesi waliobaki na makovu ya TB, kutembea na kujinyoosha bila mashine za gharama, na pumzi zao zikaongezeka. Uwanja wa kanisa unatosha kwa kazi hiyo.

Na kwa ndugu zangu wenye mgonjwa nyumbani, wakati wakuu wanajadiliana: mkalisheni, msimlaze chali. Aegemee mbele, mikono juu ya meza au mto. Mfundisheni kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyochongoka, kama anayepuliza chai ya moto. Hesabuni mivuto iliyobaki kwenye pampu kabla ya mvua kuanza, si usiku wa dharura. Moto uzimwe au yeye atolewe nje. Akianza kusinzia ovyo, msishangilie, tafuteni pikipiki.

Waheshimiwa, kiangazi cha kwetu kinaanza Desemba, na moto wa nyika unaanza nacho. Tunaomba karatasi iwe ukutani na dawa ziwe kabatini kabla ya hapo. Jibu lenu, liwe ndiyo au hapana, lisomwe redioni ili walioko Adi, Laybo na Biringi nao walisikie.

Ni mimi, mwalimu na mlezi wa mgonjwa, Ariwara